Kopo la Usalama

Kambini walimwita Mizani, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mtumishi raia katika ofisi ya mipango ya majengo, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, na kazi yake ilikuwa kuwauliza wanajeshi swali wasilolipenda kuliko yote: mnajenga kwa ajili ya nini? Mwanajeshi ukimwuliza anataka kujenga nini, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Bwalo. Ukuta. Geti lenye nguzo nene. Ukimwuliza kwa ajili ya nini, anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Na Mizani alikuwa na namna yake ya kuliuliza. Hakuuliza kama mtu anayetaka kujua; aliuliza kama mwalimu aliyekwisha kuliona kosa na sasa anangoja mwanafunzi ajiumbue mwenyewe. Basi akachukiwa. Naye akachukia vilevile, tena hadharani. "Hawa watu," alizoea kumwambia kaka yake, "vichwa wamepewa wavalie kofia."

Wapangaji wengi huanza na majengo. Huyu anataka bwalo, yule anataka ukuta, wanabishana, na mwenye sauti kubwa anashinda. Mizani alianza na thamani. Kwanza kaeni mseme ni mambo gani mnayathamini: maji, afya, mafunzo, usalama, starehe. Kisha kila jambo mlipe uzito wake. Majengo yaje mwisho, na kila jengo lipimwe kwa yale mliyosema wenyewe. Njia hiyo aliisomea, akaiamini kama mtu anavyoiamini dawa iliyowahi kumwinua kitandani. Alipowaandikia wakuu wa vitengo mara ya kwanza walete thamani zao, afisa ugavi alileta bei za saruji, mabati na nondo, zimepangwa vizuri kabisa. Mizani alimrudishia mbele ya watu.

"Nimekuuliza unampendea nini mkeo," alimwambia, "wewe umeniletea mahari."

Ofisi nzima ilicheka. Afisa ugavi hakucheka, wala hakusahau.

Safari hii ya mpango mpya wa majengo, lakini, Mizani mwenyewe alikuwa na jambo moyoni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kaka yake alikuwa koplo katika kambi hiyohiyo. Aliishi na mkewe na watoto katika safu ya mwisho ya kota za familia. Nyuma ya safu hiyo palikuwa na uzio wa waya, kisha majani marefu, kisha ghala la risasi na mabomu. Ghala lilipojengwa lilikuwa peke yake porini. Baadaye familia ziliongezeka, wakubwa wakajenga kota safu baada ya safu, kila safu ikisogea kidogo tu, mpaka mtu akianika nguo uani aliweza kusalimiana na mlinzi wa ghala bila kupaza sauti. Hakuna aliyeamua watoto walale jirani na mabomu. Ilitokea tu, kama mambo mengi ya kijinga yanavyotokea, na kila mkubwa aliyekuja aliikuta hivyo akaiacha hivyo.

Mke wa kaka yake alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake.

"Karibu, wifi," alisema siku Mizani alipokwenda kuwatembelea. "Keti hapo kwenye mkeka, usije ukachafuliwa na umaskini wetu."

"Nimeshakaa."

"Tunasikia mnapima tena huko ofisini. Na lile mtalipima?" Alionyesha ghala kwa kidevu.

"Ndilo ninalotaka lipimwe kwanza."

"Mtapima mpaka turuke hewani."

"Mwache mwenzio anywe chai," koplo alisema.

"Nani kamkataza? Anywe." Wifi aliuma uzi akaukata kwa meno. "Mimi nashangaa tu. Mtu anapanga usalama wa jeshi zima, na nyumbani kwake dirisha halina hata nondo. Mwizi akitaka kuingia anaingia kama kwa shangazi yake."

"Sina cha kuibiwa."

"Kweli. Hata mume huna wa kuibiwa."

Koplo alikohoa. Mizani aliweka kikombe chini taratibu. Hakumwangalia wifi, alimwangalia kaka yake, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni na kumlipia shule kwa mshahara wa uaskari. "Ghala litahama," alimwambia. "Nakuahidi."

"Haya," wifi alidakia. "Na mimi nimesikia. Na watoto wamesikia."

Siku ya kugawa uzito ilifika. Mkuu wa kambi alikuwa kanali mnene ambaye askari, akiwa mbali, walimwita Zege, kwa kuwa alipenda kujenga na kwa kuwa akishaganda hageuki. Ukumbini Mizani alikuwa ametundika pazia, na nyuma yake akapanga mezani makopo ya maziwa ya unga, kila kopo limebandikwa neno moja. Kila mjumbe alipewa kokoto, sawa na mwenziwe, aingie peke yake, azigawe kwenye makopo kama moyo wake unavyomtuma. Mwenye cheo cha chini aliingia kwanza na mkuu aliingia mwisho, ili wadogo wasipate wa kumwiga.

"Kwa hiyo mimi nisubiri mlangoni kama mgonjwa?" Zege aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Na kokoto zangu ni sawa na za sista wa zahanati?"

"Sawa kabisa, afande."

Zege alicheka kicheko ambacho hakikufika machoni. Akasubiri. Alipoitwa, akaingia, akatoka akipangusa vumbi la kokoto viganjani kana kwamba ameshikishwa kitu cha aibu.

Pazia lilipofunuliwa, kopo la usalama lilikuwa limejaa mpaka kokoto zimedondoka mezani. Kopo la starehe lilikuwa karibu tupu. Afisa ugavi aliliona, akajua bwalo jipya alilokuwa akilitaka limekwisha kabla ya kuanza. Aliinua mkono. Alisema alikuwa hajaelewa vizuri, anaomba arudi nyuma ya pazia ahamishe kokoto zake mbili tatu.

Mtu mwenye huruma angemwambia hapana, yakaisha. Mizani hakuwa na huruma siku hiyo. Alimfuata mpaka pale alipokaa. "Uzito ukishawekwa hauguswi," alimwambia. "Unataka kugusa kwa sababu umeona bwalo linakukimbia. Hiyo si thamani, hiyo ni tamaa." Kisha akawageukia wote. "Tuseme pamoja tusisahau. Uzito ukishawekwa?"

"Hauguswi," walisema, watu wazima wenye nishani, kama watoto wa darasa la kwanza. Hata Zege alisema. Afisa ugavi alikodolea viatu vyake macho.

Jioni hiyo Mizani alipita kota akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. "Kopo la usalama limejaa mpaka limemwagika," alimwambia kaka yake. Koplo alitabasamu, akamshika bega.

"Kopo," wifi alisema tu, na kuendelea kushona.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya wahandisi wa kambi. Wao ndio walitakiwa kuleta majengo yanayowezekana na kuyapa alama kulingana na kila kopo. Mizani hakuwaingilia. Aliona neno limeshasema lenyewe, na wa kulisikia atalisikia.

Kikao kilipoitwa tena, kapteni wa wahandisi, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alisimama kusoma matokeo. Jengo la kwanza kwa alama: ukuta mrefu kuizunguka kambi yote, kota zikiwemo, na geti moja tu la ukaguzi. La pili, taa za ulinzi. Likafuata tangi la maji. Kuhamisha ghala la risasi kulikuja chini kabisa, karibu na bwalo.

Mizani alidhani amesikia vibaya. "Kuhamisha ghala," alisema, "kwenye usalama kumepata nini?"

"Kidogo sana."

"Kidogo kwa nini?"

"Likihamia kule porini linakuwa peke yake," kapteni alieleza kwa upole wake wote. "Adui analivamia kirahisi. Usalama unapungua. Hapa lilipo, limezungukwa na watu."

"Watu gani?"

Kapteni alitazama karatasi yake. "Familia," alisema.

Hapo ndipo Mizani alipoliona kosa, na lilikuwa lake. Alipoandika neno lile na kulibandika kwenye kopo, yeye aliwaona watoto wa kaka yake wakiamka asubuhi wazima. Wao walipolisoma, walimwona mwizi, jasusi, adui akiparamia uzio. Usalama ni huo, na usalama ni huu. Neno moja limebeba mizigo miwili, na wajumbe walijaza kopo moja kila mtu akiamini wamekubaliana. Neno la pili lilikuwapo. Ulinzi. Halikatazwi, halina ushuru, kila mtu kambini analitamka asubuhi na jioni. Angeweka kopo la usalama na kopo la ulinzi, yangekwisha. Hakuweka, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwafundisha wengine kufikiri.

Alisimama, akachukua kopo lililokuwa limewekwa mezani kama kombe la ushindi, na kulimwaga mbele ya Zege. Kokoto zilitawanyika, nyingine zikaanguka sakafuni.

"Kopo hili ni mawili," alisema. "Humu mna ulinzi, na mna uhai wa watu wanaokaa humu kambini. Ni mambo tofauti. Naomba tugawe upya, hili moja tu."

Zege hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alianza kuokota kokoto mojamoja na kuzirudisha kwenye kopo. "Uzito ukishawekwa?" aliuliza, akinyoosha sauti kama mwalimu.

"Hauguswi," alijibu afisa ugavi, peke yake, kabla ya wote.

Ukumbi ulicheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Kosa ni langu," Mizani alisema. "Neno nililiandika mimi, na nililiandika vibaya."

"Unataka kugusa kwa sababu umeona ghala linakukimbia," afisa ugavi alisema. Alikuwa ameyatunza maneno hayo muda wote, na sasa aliyatoa moja baada ya jingine bila haraka. "Hiyo si thamani, Mizani. Hiyo ni koplo kaka yako."

Sista wa zahanati alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye kokoto zake aliziweka kwa ajili ya watoto.

"Hatujakuuliza, sista," Zege alisema.

Hasira ilimpanda Mizani mpaka machoni, kwa sababu afisa ugavi hakusema uongo. Ni kweli alikuwa anamtetea kaka yake. Na sheria ile ilikuwa sheria nzuri. Angeipigania kesho na keshokutwa. Ila ilikuwa inalinda neno bovu, na aliyeipanda mbegu hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

"Weka saini," Zege alisema, akimsogezea mpango.

"Siweki."

"Asiyesikia la mkuu, mwisho wake unaujua."

"Naujua, afande. Siweki."

Aliweka afisa ugavi, kwa kalamu nzuri. Mwisho wa mwezi Mizani alihamishwa kutoka ofisi ya mipango akapelekwa stoo ya samani, kukagua viti vilivyovunjika, chini ya afisa ugavi.

Alikwenda kota kusema mwenyewe, kabla hawajaambiwa na wengine. Koplo alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Nilikosea neno," Mizani alimaliza.

"Neno moja?" wifi aliuliza.

"Moja."

"Ungekuja kwangu nikukopeshe. Mimi ninayo mengi."

"Hamieni kwangu, uraiani," Mizani alisema. "Vyumba viwili vinatosha. Wewe na watoto, kaka atakuja akipata ruhusa."

"Kwako kusiko na nondo?" Wifi alikanyaga cherehani ikalia. "Watoto wangu wakaibiwe kama kuku? Afadhali nikae hapahapa nife na majirani ninaowajua."

Ukuta ulijengwa. Zege alikuja kuusimamia kila asubuhi, mikono nyuma, akiugonga kwa fimbo kama mnunuzi wa nazi. Ulipita nyuma ya kota za familia, ukalizunguka ghala, ukazunguka kila kitu, na juu yake wakapanda vipande vya chupa. Kulikuwa na kijilango kwenye uzio wa zamani ambacho wanawake walipitia kwenda sokoni. Kikazibwa kwa matofali. Geti likabaki moja, na amri ikatolewa kwamba hatoki mtu wala haingii mtu bila kitambulisho na mzigo wake kukaguliwa.

Kisha jua likakausha kila kitu, na mchana mmoja majani marefu ya karibu na ghala yakashika moto. Labda ni kipande cha sigara, labda ni cheche kutoka kwa mafundi waliokuwa wakichomelea taa za ulinzi. Kila aliyeulizwa baadaye hakuwapo.

King'ora kililia. Wanawake wa safu ya mwisho walinyakua watoto wakakimbilia kule miguu yao ilikozoea, kwenye kijilango, na wakakutana na ukuta. Walisimama pale kidogo, wakiutazama kana kwamba utakumbuka wao ni nani. Kisha wakageuka wakakimbia upande wa pili, wakiikata kambi nzima, kuelekea geti.

Mizani alisikia king'ora akiwa stoo. Alitoka akaona moshi unatoka upande wa kota, akawafuata mbio wanawake waliokuwa wakikimbia. Alipofika getini alikuta umati na askari wawili wa zamu wamejifungia upande wa pili wa nondo za geti.

"Foleni," mmoja alikuwa anasema. "Kitambulisho mkononi. Foleni, akina mama."

"Fungua geti," Mizani alimwambia.

"Nina amri."

"Kuna moto ghalani. Fungua."

"Ndiyo maana, mama." Yule askari alikuwa anatokwa jasho, naye anaogopa kama wao, lakini alisema alichofundishwa kusema. "Ni kwa ajili ya usalama."

Mizani alizishika nondo kwa mikono miwili akazitikisa na kumtukana matusi ambayo hakujua kama anayajua. Geti halikutikisika, lilikuwa limejengwa vizuri. Pembeni yake alikuwa amesimama wifi, mtoto mgongoni, wengine wawili wamemshika nguo, kitambulisho amekiacha mezani kando ya cherehani. Walitazamana. Kisha wifi naye akazishika nondo, kando ya mikono yake.

Moto ulizimwa. Koplo na wenzake waliupiga kwa matawi na magunia yaliyoloweshwa mpaka ukafa mbele ya mlango wa ghala, karibu kiasi kwamba rangi ya mlango ilitoka malengelenge. King'ora kiliponyamaza, getini hakuwa ametoka hata mtu mmoja.

Zege alifika kwa gari, ameridhika. Aliwaambia wanawake warudi majumbani. "Mmeona wenyewe," alisema. "Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeingia." Afisa ugavi aliyekuwa nyuma yake aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama mkewe, ambaye naye alikuwa kwenye ile foleni.

Siku iliyofuata, Mizani alikuwa nyumbani kwake anafua aliposikia mkokoteni unasimama. Wifi hakubisha hodi. Aliingia na cherehani kichwani, watoto nyuma yake kila mmoja na furushi, akasimama katikati ya sebule akiikagua kama mtu aliyekuja kudai.

"Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Sijadhani."

"Kaka yako amebaki na kota yake na jeshi lake. Ruhusa ikipatikana atakuja." Aliishusha cherehani, akajipangusa jasho. "Hii nitaiweka wapi?"

"Hapo dirishani. Pana mwanga."

Wifi aliisogeza cherehani, kisha akalisukuma dirisha. Lilifunguka lote mpaka likagonga ukuta wa nje. Alitoa kichwa, halafu mabega, akatazama chini. Akamwita mtoto mkubwa. "Panda hapa," alimwambia. "Ruka nje, urudi kwa mlangoni." Mtoto alipanda, akaruka, akarudi mbio akicheka. Akamwita wa pili, naye akaruka. Yule mdogo akamkabidhi mwenziwe aliyekuwa nje kupitia dirishani, kisha akamchukua tena.

Kisha akavuta kiti akakaa kwenye mashine yake, mgongo kwa mwenye nyumba.

"Halina nondo," alisema.

"Halina."

"Usije ukaweka."